John Dalton

John Dalton (Eaglesfield, Cumberland, Septemba 1766 – Manchester, 27 Julai 1844) alikuwa mwanakemia na mwanafizikia wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa nadharia yake ya atomu, lakini pia ndiye aliyeandika mapema uchunguzi wa kina kuhusu upofu wa rangi, kasoro aliyokuwa nayo mwenyewe.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Wakweka. Akiwa na miaka 12 tu alianza kufundisha shule, na mwaka 1793 alihamia Manchester kuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Kuanzia 1787 aliandika hali ya hewa kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Nadharia ya atomu aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1808.

Upofu wa rangi

Mwaka 1792 Dalton alitazama ua la jerani kwa mwanga wa mshumaa. Mchana lilikuwa buluu machoni pake. Usiku lilionekana jekundu. Rafiki zake hawakuona badiliko hilo, isipokuwa ndugu yake. Hapo akatambua kwamba wao wawili waliona tofauti na watu wengine. Mwaka 1794 aliwasilisha makala kuhusu jambo hilo mbele ya Chama cha Fasihi na Falsafa cha Manchester.

Dalton alidhani ute uliomo ndani ya macho yake ulikuwa wa buluu na hivyo ulichuja mwanga mwekundu. Mwaka 1807 Thomas Young alipendekeza kwamba kasoro iko kwenye retina, lakini Dalton hakuacha wazo lake. Aliagiza macho yake yachunguzwe akifa.

Siku moja baada ya kifo chake, daktari Joseph Ransome alitekeleza agizo hilo. Ute wa jicho la kwanza ulikuwa safi kabisa. La pili alilitoboa kwa nyuma na kuchungulia: vitu vyekundu na vya kijani vilionekana kama kawaida. Nadharia ya Dalton ilianguka, lakini ni agizo lake lililowezesha kujua ukweli, kwa kuwa mabaki ya macho yalihifadhiwa. Mwaka 1995 wanasayansi walitangaza matokeo ya kupima DNA yake: alikosa jeni ya seli koni zinazopokea mwanga wa eneo la kijani. Young alikuwa amekisia seli za nyekundu, lakini kuhusu retina alikuwa sahihi.

Kulinganisha na mbwa

Binadamu wengi wana aina 3 za koni. Dalton alikuwa na 2, na mbwa pia ana 2. Aina moja ya mbwa hupokea mwanga wa buluu, na nyingine hufanya kazi vizuri zaidi karibu na kijani-njano. Kwa hiyo si kweli kwamba mbwa huona nyeusi na nyeupe tu, ingawa watu wengi huamini hivyo. Hutofautisha buluu na njano vizuri, lakini mpira mwekundu kwenye majani mabichi haujitokezi kwa rangi yake; mara nyingi huupata kwa mwendo wake au kwa harufu. Hata hivyo mbwa huona vitu kwa ukungu zaidi kuliko binadamu, hivyo ulinganisho na Dalton unahusu rangi pekee.

Katika lugha kadhaa za Ulaya, kama Kifaransa na Kihispania, upofu wa rangi bado huitwa kwa jina la Dalton.