Ester Boserup, Mama Aliyehesabu Kazi ya Jembe

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi mtakuta picha za viongozi, hesabu za hisa na salamu za wageni. Tumeona tuweke pia maisha ya mama mmoja wa mbali, Mzungu wa Denmark, aliyesomea uchumi na kutumia karibu maisha yake yote kuchunguza kilimo, na fedha za serikali zinazokwenda vijijini au zinazokwama njiani. Wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake. Lakini kila mnapoambiwa kwenye semina kwamba mwanamke ndiye mkulima mkubwa wa chakula Afrika, mjue kwamba huyu ni mmoja wa waliolipeleka jambo hilo mbele ya wakubwa wa dunia, tena kwa takwimu.

Alizaliwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, tarehe 18 Mei 1910. Jina la kwao ni Børgesen. Baba yake alikuwa mhandisi wa mambo ya nguo, akafariki binti akiwa na miaka miwili tu. Maisha yakawa ya kubana sana. Mama mjane alimhimiza binti asome, kwa sababu msichana asiye na mali wala cheti angeishia wapi? Mwaka 1929 akaingia Chuo Kikuu cha Copenhagen, akahitimu uchumi mwaka 1935. Katikati ya masomo, mwaka 1931, aliolewa na Mogens Boserup, mchumi mwenzake, na baadaye wakajaliwa watoto watatu. Watoto hawakumfanya aache kazi. Tuliozoea kubeba mtoto mgongoni na daftari la kikundi mkononi tunaelewa hiyo ni kazi ya namna gani.

Kuanzia 1935 hadi 1947 alikuwa mtumishi wa serikali ya Denmark, akafikia kuongoza ofisi ya mipango. Ilikuwa miaka mibaya. Kwanza ukosefu wa ajira ulioenea Ulaya nzima, kisha vita, na Denmark ikakaliwa na Wajerumani kuanzia 1940 hadi 1945. Yeye alishughulika na ruzuku na jinsi inavyogusa biashara. Ruzuku, kwa lugha ya kwetu, ni serikali kuchukua fedha ya wote na kumwongezea mtu fulani ili azalishe au auze kwa bei nafuu. Mtafiti wa mambo haya haulizi tu zimetoka shilingi ngapi. Anauliza zimemfikia nani, na zimebadilisha nini. Swali hilo Bi. Boserup hakuliacha tena maishani mwake.

Mwaka 1947 walihamia Geneva, Uswisi, kufanya kazi Umoja wa Mataifa, katika Tume ya Uchumi ya Ulaya. Huko alichunguza sera za kilimo na biashara ya mazao. Miaka kumi baadaye, 1957, wakaenda India kwenye utafiti mkubwa wa Gunnar Myrdal, mchumi maarufu wa Sweden. Na huko India ndiko mawazo yake yalikogeuka.

Wataalamu wa wakati ule walikuwa na imani moja: vijijini kuna watu wengi mno wasio na kazi ya maana, na hata ukiwahamisha wengi kwenda viwandani mavuno hayatapungua. Inasikika vizuri ukiwa ofisini. Bi. Boserup alipoangalia kijiji mwezi kwa mwezi aliona kumbe wakati wa kupanda na kuvuna mikono haitoshi kabisa! Anayeonekana amekaa ni kwa sababu msimu haujafika. Akaondoka kwenye utafiti ule mwaka 1960, akaendelea kufikiri kwa njia yake.

Matunda yake yalikuwa kitabu kidogo cha mwaka 1965 kuhusu masharti ya ukuaji wa kilimo. Tangu 1798, Malthus wa Uingereza alikuwa amefundisha kwamba chakula ndicho kinachoamua idadi ya watu: watu wakizidi, njaa inawapunguza. Bi. Boserup aliligeuza jambo. Alisema watu wanapoongezeka wanalazimika kubadili namna ya kulima. Pale penye watu wachache, mkulima anafyeka msitu, anachoma, anapanda kwenye majivu bila hata jembe, kisha anauacha upumzike miaka 20 au zaidi. Watu wakiongezeka, mapumziko yanashuka hadi miaka 6 au 10, vichaka vinaota na jembe la mkono linahitajika. Wakizidi tena, shamba linapumzika mwaka mmoja au miwili, majani yanatawala, na sasa inatafutwa plau ya kukokotwa na ng'ombe. Mwisho watu wanalima kila mwaka, wakitia samadi na kumwagilia. Chakula kinaongezeka, ndiyo, lakini kwa jasho zaidi: saa za kazi kwa kila gunia huwa zinapanda. Mwenye kumbukumbu za babu zake atakiri kwamba mkulima wa zamani hakuwa mvivu wala mjinga kwa kuacha shamba lipumzike.

Sasa tufike kwenye kitabu chake cha mwaka 1970, kinachotuhusu zaidi, juu ya nafasi ya mwanamke katika maendeleo ya uchumi. Alikusanya tafiti za vijiji vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, akahesabu nani hasa anafanya kazi shambani. Afrika, penye jembe la mkono, mara nyingi wanawake walifanya zaidi ya nusu ya kazi. Penye plau, kama sehemu nyingi za India, wanaume ndio walishika shamba. Hata mahari akaieleza kwa njia hiyo: kazi ya mke ikiwa na thamani shambani, upande wa mume ndio unaolipa, kazi yake isipohesabiwa, wazazi wa binti ndio wanaotoa mali. Mnaweza kubishana naye, lakini fikirini kwanza.

Kilichomuuma ni yale yaliyoletwa na ukoloni. Wanawake ndio walikuwa wakulima, lakini mafunzo, mbegu za mazao ya biashara na mikopo vilipelekwa kwa wanaume. Alitoa mfano wa Uganda, ambako mwaka 1923 mkuu wa kilimo, Mzungu, aliona kilimo cha pamba hakifai kuachiwa wanawake na wazee. Basi wanaume wakapewa ujuzi na fedha, wanawake wakabaki na jembe na chakula cha nyumbani, na pengo likapanuka. Hata sisi, mtaalamu wa kilimo tulimwita bwana shamba muda mrefu kabla ya kumzoea bibi shamba. Ardhi nayo ilipoandikishwa, jina likawa la mume. Waanzilishi wetu wanalijua hili vizuri: ukienda kuomba mkopo unaulizwa dhamana, dhamana ni hati, na hati ina jina la baba watoto.

Kitabu hicho kilisomwa sana wakati dunia ikijiandaa kwa mkutano wa wanawake wa Mexico wa 1975 na Muongo wa Wanawake wa 1976 hadi 1985, uliofungwa kwa mkutano wa Nairobi. Beijing 1995, katibu mkuu wa mkutano alikuwa mama yetu Gertrude Mongella.

Si kwamba hakukosolewa. Wasomi wanawake waliomfuata walisema alihesabu shamba na soko, akaipa uzito mdogo kazi ya kupika, kuteka maji na kulea. Ni kweli, na anayeteka maji alfajiri hahitaji kushawishiwa. Lakini hoja yake ya plau bado inasimama: mwaka 2013 wachumi watatu waliipima kwa takwimu za nchi nyingi, wakakuta kwamba jamii za asili ya plau hadi leo zina wanawake wachache zaidi katika kazi za nje ya nyumba.

Hakuwahi kuwa profesa wa kudumu wala kusomea udaktari wa falsafa, ila vyuo vikuu vitatu, kikiwemo cha Copenhagen, vilimpa shahada ya heshima. Alifariki Geneva tarehe 24 Septemba 1999, akiwa na miaka 89. Mwaka huo huo Tanzania ilipata Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, iliyotamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Ilianza kutumika Mei 2001. Baraza la ardhi la kijiji liliwekewa wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.