Maisha ya W. O. Bentley, Fundi wa Motokaa

Karibu na mji wa Le Mans katika nchi ya Ufaransa yako mashindano ya motokaa yaliyoanzishwa mwaka 1923. Kwa kawaida huanza saa kumi alasiri, yakaendelea usiku kucha mpaka saa kumi ya siku ya pili. Mshindi ni yule aliyekwenda mbali kuliko wenzake katika saa hizo 24. Watu husifu madereva, na kweli wanastahili sifa. Lakini mimi nataka kuwaeleza habari za mtu aliyeshinda mashindano hayo mara tano bila kushika usukani hata mara moja. Mtu huyo ni Mwingereza Walter Owen Bentley, ambaye wenzake walizoea kumwita W. O.

Bentley alizaliwa London tarehe 16 Septemba, 1888. Alikuwa kitinda mimba katika watoto tisa. Tangu utoto wake alipenda magari ya moshi, na alipofika umri wa miaka 16 aliacha shule akaenda mji wa Doncaster kujifunza ufundi katika karakana za reli. Alikaa huko miaka mitano. Alijifunza kuchonga vyuma, kuunga mitambo, na hata kutupa makaa ya mawe katika tanuri la gari la moshi likiwa njiani. Mtoto wa jamaa yenye uwezo akirudi jioni mweusi kwa masizi si jambo la kawaida, lakini hapo ndipo alipopata elimu yake.

Baadaye alishindana kwa pikipiki, na mwaka 1912 yeye na ndugu yake Horace walifungua biashara ya kuuza motokaa za Kifaransa zilizoitwa DFP. Mwaka 1913 alizuru kiwanda cha motokaa hizo. Juu ya meza aliona kitu kidogo cha kuzuia karatasi zisipeperuke, nacho kilikuwa na umbo la pistoni, kimetengenezwa kwa aluminiamu. Wengine walikiona kama pambo tu. Bentley alijiuliza kwa nini pistoni za kweli zisitengenezwe hivyo, maana aluminiamu ni nyepesi na hupitisha joto upesi kuliko chuma. Mafundi wengi waliogopa kwamba itayeyuka. Yeye aliichanganya na shaba kidogo, akaijaribu, ikafaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipotokea aliitumia elimu hiyo katika injini za ndege, na injini yake iliyoitwa BR1 ilitiwa katika ndege za vita za Sopwith Camel.

Mwaka 1919 ulimletea msiba, kwa kuwa mke wake Léonie alikufa kwa homa ya mafua iliyoenea duniani. Mwaka huo huo alianza kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza motokaa. Fedha zilikuwa chache, na mnunuzi wa kwanza alikabidhiwa motokaa yake mwaka 1921.

Sasa nifike Le Mans. Mwaka 1923 dereva mmoja, John Duff, aliamua kwenda kushindana kwa Bentley yake mwenyewe. Bentley aliona jambo hilo ni wazimu, kwani aliamini hakuna motokaa iliyoundwa kustahimili mwendo kama huo. Hata hivyo, dakika za mwisho alipanda gari la moshi akaenda kutazama. Motokaa ya Duff ilikuwa na breki za nyuma tu. Mawe ya barabara yalivunja taa moja, tena yakatoboa tangi la petroli, motokaa ikasimama mbali na kibanda chao. Mwenzake, Frank Clement, ilimpasa achukue baiskeli na kupeleka petroli katika madebe. Baada ya shida zote hizo walipata nafasi ya nne pamoja na wengine.

Bentley aliondoka pale akiwa mtu mwingine. Alikuwa ameona kwamba kasi peke yake haitoshi, kwa maana jiwe dogo laweza kushinda injini kubwa. Mwaka 1924 motokaa ya Duff na Clement ilirudi Le Mans ikiwa na breki za mbele, na wavu wa waya mbele ya taa, na tangi limekingwa. Safari hii walishinda.

Lakini msidhani kwamba toka hapo mambo yalikuwa mepesi. Mwaka 1925 palikuwa na sheria mpya. Dereva alipaswa kukimbia mpaka kwenye motokaa yake, kuinua turubai la juu, ndipo aondoke. Na turubai lisishushwe mpaka amalize mizunguko 20. Tena hakuruhusiwa kuongeza petroli kabla ya mizunguko hiyo kwisha. Timu ya Bentley ilipiga hesabu ya petroli, lakini hesabu yenyewe ilikuwa ya motokaa isiyo na turubai juu. Turubai likiinuliwa hukamata upepo, na injini hula petroli zaidi. Basi motokaa moja iliishiwa na petroli ikiwa imebakiza kidogo sana kutimiza mizunguko 20. Ile nyingine nayo haikumaliza. Mwaka 1926 walipeleka motokaa tatu, wala hapana iliyofika mwisho.

Hapo nilipokuwa nikisoma nilifunga kitabu kwa muda, kwa sababu nilijiona mwenyewe. Katika mtihani wetu wa majaribio niliandika njia yote sawasawa, lakini nilisahau kugeuza dakika kuwa saa, na jibu zima likapotea. Nilisema kwamba ni bahati mbaya. Bentley hakusema hivyo. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa kurudia kosa.

Alifanya nini basi? Aliwafanyiza madereva mazoezi kama askari. Walirudia kuinua turubai mpaka mikono ikafanya kazi bila kufikiri. Zamani zile dereva peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutengeneza motokaa wakati wa mashindano, kwa vyombo alivyovichukua ndani yake. Kwa hiyo kila dereva ilimbidi ajue kubadili gurudumu, kujaza mafuta, na kufunga kilicholegea, mambo yote kwa utaratibu uliopangwa mbele. Wala hawakuwa mafundi wa kazi. Katika motokaa moja ya mwaka 1927 madereva wake walikuwa Sammy Davis, mwandishi wa gazeti la motokaa, na Dudley Benjafield, daktari.

Mwaka huo motokaa tatu za Bentley zilitangulia mbele ya wote. Usiku ulipoingia, mahali paitwapo Maison Blanche, motokaa nyingine ilikuwa imeteleza ikaziba njia. Bentley ya kwanza ikapata ajali, na ya pili ikaigonga. Davis alipokaribia aliona udongo na vipande vya mbao vimetapakaa barabarani, akashika breki upesi. Aliteleza akagonga, lakini si kwa nguvu zote. Kwa dakika moja timu nzima ilikuwa imelala katika lundo moja. Davis alihakikisha kwamba wenzake wamepona, kisha akaikokota motokaa yake mpaka kibandani. Taa moja imevunjika, na ekseli ya mbele imepinda. Akafunga, akanyosha, akakaza kwa mikono yake mwenyewe. Ikafungwa taa ndogo ya mkono badala ya ile iliyovunjika, wakaendelea katika mvua. Siku ya pili motokaa ya Kifaransa iliyokuwa mbele yao iliharibika injini. Bentley ile yenye makovu ilimaliza mizunguko 137, yaani karibu kilomita 2,370, ikawa ya kwanza. Naona mimi ushindi huo haukutoka katika bahati. Ulitoka katika yale mazoezi ya mwaka mzima.

Walishinda tena mwaka 1928, na mwaka 1929 motokaa za Bentley zilishika nafasi nne za kwanza. Mwaka 1930 walishinda mara ya mwisho.

Sasa yafuata jambo la huzuni, nalo siwezi kuliacha. Kampuni iliyoshinda hivyo haikuwa na fedha. Tangu mwaka 1926 ilisaidiwa na tajiri Woolf Barnato, ambaye pia alikuwa dereva wake hodari. Shida ya biashara ilipoenea duniani, watu wakaacha kununua motokaa za bei kubwa. Mwaka 1931 kampuni ilianguka, ikanunuliwa na washindani wake, Rolls-Royce. Bentley alifanya kazi chini yao mpaka mwaka 1935, akahamia Lagonda, wala hakuweza tena kutia jina lake mwenyewe katika motokaa aliyoiunda. Alikufa tarehe 13 Agosti, 1971. Mwaka 2003 motokaa yenye jina lake ilishinda tena Le Mans, miaka 32 baada ya yeye kufa.

Nimefikiri sana juu ya mwisho huo. Mtu huyu aliziba kila ufa katika motokaa zake, lakini ufa wa fedha ulibaki wazi tangu siku ya kwanza. Alijitayarisha vizuri kabisa katika kazi aliyoipenda. Nasi tuko hivyo hivyo. Mimi hupenda fizikia, na kila jioni daftari lake ndilo ninalolifungua kwanza. La hesabu hubaki chini ya mto. Siku ya mtihani haitaniuliza ninapenda nini.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, zimebaki wiki chache. Kila mmoja wetu analijua tangi lake lililotoboka. Tulizibe sasa, kabla bendera haijapepea.