Mkame Ndume: mtawala wa Pujini aliyejenga kwa jasho la watu

Ukitaja jina la Mkame Ndume kisiwani Pemba, jambo la kwanza utakalosimuliwa ni ukatili wake. Jina hilo ni la kupachikwa, na maana yake ni mkamua wanaume. Jina lake halisi linatajwa kuwa Muhammad bin Abdulrahman, na mapokeo yanamhesabu miongoni mwa watawala wa Kishirazi. Katika makala haya tunamwangalia pia kwa upande usiozungumzwa sana: mtawala aliyeagiza kazi za mafundi.

Makao yake yalikuwa Pujini, takriban kilomita 10 kusini-mashariki mwa Chake Chake. Magofu yaliyopo ni ya karne ya 15, kabla Wareno hawajafika Afrika Mashariki. Wakati huo miji ya Waswahili ilikuwa na misikiti na nyumba za mawe, lakini ngome kama hii ilikuwa nadra mno. Pujini ilizungushiwa tuta kubwa na kuta, na ilichimbiwa mfereji ili vyombo viweze kuingia kutoka baharini.

Kazi hiyo ilifanywa na nani? Wazee husimulia kwamba Mkame Ndume aliwalazimisha watu kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Husimulia pia juu ya kisima kilichotiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane: mmoja aliteka maji kwa ndoo na kamba, mwenziwe alishuka kwa ngazi. Masimulizi hayo hatuwezi kuyathibitisha, lakini yanaonyesha namna watu wa Pemba walivyoamua kumkumbuka.

Ardhi nayo ina habari zake. Katika miaka ya 1990, wanaakiolojia wakiongozwa na Adria LaViolette, mtafiti kutoka Marekani, walichimba Pujini. Chini ya ardhi kuna chumba ambacho ukutani mwake fundi alitengeneza umbo la siwa kwa lipu ya chokaa.

Siwa, kwa Waswahili, haikuwa baragumu ya kuchezea. Ilipigwa katika shughuli kubwa, na aliyeimiliki ndiye aliyetambuliwa kuwa na haki ya kutawala. Siwa mbili mashuhuri, ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Ile ya Pujini haina sauti. Iko ukutani tu, chini ya ardhi, mahali ambapo si kila mtu angeingia.

Hapo ndipo tunapoona uhusiano wa mtawala na fundi. Fundi alihitaji wa kumpa kazi. Mtawala naye alihitaji mkono wa fundi, kwa sababu ngome peke yake iliwatisha watu tu, ilhali siwa ilisema kwamba utawala ule ni wa haki. Aliyeagiza kazi hiyo tunamtaja kwa jina mpaka leo. Jina la fundi halikubaki, wala ya wale waliobeba mawe.

Hata hivyo, wabeba mawe hawakunyamazishwa kabisa. Jina Muhammad bin Abdulrahman analijua mtu mmoja mmoja. Mkame Ndume, jina walilompa waliokamuliwa, linajulikana Pemba nzima.