John Bardeen: Msomi mkimya aliyeleta transista duniani

SOKONI Kenyatta Market, Nairobi, mahali pasifikapo kwa nyama choma na ususi wa nywele, hakuna redio wala simu isiyokuwa na transista ndani yake. Mmoja wa waasisi wa kifaa hicho, John Bardeen, alizaliwa Mei 23, 1908, mjini Madison, Marekani.

Alisomea uhandisi wa umeme kabla ya kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Princeton mnamo 1936. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliajiriwa na maabara ya Bell, na huko, Desemba 1947, yeye na Walter Brattain wakafaulu kukuza mawimbi ya umeme kwa kipande cha jemaniamu.

Kazi yao yadhihirika katika saketi ndogo kabisa. Tuseme betri ni ya volti 5, kolekta ina rezista ya omu 1,000, na besi yaungwa na betri iyo hiyo kwa rezista ya omu 10,000. Transista ya silikoni huchukua takriban volti 0.7 kati ya besi na emita. Zinazosalia, 4.3, hupitisha miliampia 0.43 kwenye besi. Iwapo transista hukuza mkondo mara 100, kolekta ingepitisha miliampia 43. Lakini rezista yake haiwezi kuruhusu hata 5 kamili. Hapo transista imeshiba. Volti kati ya kolekta na emita hushuka hadi 0.2 hivi, na kuongeza mkondo wa besi hakubadilishi kitu. Fundi akikuta volti 5 mahali hapo, ilhali besi ina 0.7, ana sababu ya kuishuku transista hiyo.

Mkuu wao, William Shockley, hakushiriki moja kwa moja katika ugunduzi wa 1947. Ni kweli kwamba yeye ndiye aliyebuni transista bora zaidi, iliyo asili ya hiyo ya hesabu yetu, ila aliwatenga wenzake. Bardeen, asiyependa makuu, alihamia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1951.

Wote watatu walituzwa Nobel mwaka 1956. Mfalme wa Uswidi alimlaumu Bardeen kwa kuleta mtoto mmoja tu kati ya watatu, naye akaahidi kuwaleta wote safari ijayo. Mnamo 1972 alituzwa tena Nobel ya fizikia, akiwa mtu pekee hadi leo kuipata mara mbili, na watoto wote wakahudhuria. Alifariki Januari 30, 1991.