Flora Nwapa, mama wa Oguta aliyejichapia vitabu

Jina la Chinua Achebe, wasomaji wetu wengi wanalijua. Kitabu chake cha kwanza kilitoka kwa Kifaransa mwaka wa 1966, na toka pale kimesomwa sana katika masomo ya inchi zetu. Jina la Flora Nwapa, ni wachache wanaolijua. Na hata hivyo ni mwaka ule ule wa 1966 huyu mama wa Nigeria alitoa riwaya yake Efuru huko London, katika ule mfululizo wa waandishi wa Afrika wa nyumba ya Heinemann. Kitabu kilipewa namba 26, na yeye njo mwanamke wa kwanza aliyeingia mule. Huko Nairobi, mwaka huo huo, Grace Ogot wa Kenya naye alitoa riwaya yake ya kwanza. Efuru ilikawia kutufikia kwa Kifaransa hata miaka ya 1980.

Alizaliwa tarehe 13 Januari 1931 kule Oguta, katika inchi ya Waigbo, mtoto wa kwanza kati ya watoto sita. Baba yake alitumikia kampuni kubwa ya Waingereza iliyonunua mafuta ya mawese. Mama yake alikuwa mwalimu. Oguta iko pembeni ya ziwa, na kule biashara ilikuwa mikononi mwa akina mama. Wanapanda mitumbwi, wanauza samaki na mawese, wanakopesha watu makuta, wanadai madeni yao wenyewe. Ziwa lenyewe liko na mwenyewe, mungu wa kike anayeitwa Uhamiri, tena Ogbuide. Watu wa Lubumbashi waliokua na picha ya mamba muntu ukutani hawatashangaa: ni jamaa moja na Mami Wata wa pwani ya Afrika ya magharibi. Uhamiri anatoa uzuri na mali. Watoto, wanasema watu wa Oguta, hatoi.

Flora alisoma kuliko wasichana wengi wa wakati wake. Alitoka Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka wa 1957, akaenda Edinburgh, huko Scotland, kuchukua diploma ya ualimu, akarudi. Alifanya kazi ya serkali upande wa elimu kule Calabar, halafu akafundisha wasichana Enugu. Jioni aliandika. Mwaka wa 1962 alimtumia Achebe yale makaratasi, kwa kuwa Achebe njo alikuwa mshauri wa ule mfululizo. Achebe aliyapenda, akamrudishia pamoja na feza ya posta ili ayatume London. Toka pale mpaka kitabu kutoka ilipita miaka minne, na wakati huo mwandishi alikuwa amehamia ofisini katika Chuo Kikuu cha Lagos.

Hadisi ya Efuru ni hii. Binti mzuri, wa ukoo mkubwa, anajiendea kwa bwana masikini bila mahari kutolewa. Wanafanya biashara wote wawili mpaka wanapata feza na kuzipeleka kwa baba. Biashara inamkubali Efuru kuliko bwana. Bwana anakimbia na mwanamke mwingine. Mtoto wao wa pekee anakufa, na baba yake hata kwenye kilio haonekani. Efuru anaolewa tena, na bwana wa pili naye anamwangusha. Kati ya hayo yote Uhamiri amemchagua kuwa mtu wake. Kitabu kinaishia kwa swali juu ya yule mungu: yeye mwenyewe hakuzaa, sasa kwa nini akina mama wanamwabudu? Flora hajibu.

Wahakiki wa wakati ule, wengi wao wanaume, hawakumpokea vizuri. Walisema kitabu kimejaa maneno ya wanawake tu: sokoni, jikoni, kwa jirani. Sisi tumekisoma, na ni kweli kimejaa maneno hayo. Lakini ni katika maneno hayo mtu anajua nani anadaiwa, nani ameachwa, nani amezaa na nani hajazaa, na mji mzima unamhukumu mwanamke mule mule. Wale wahakiki walitafuta wazee wamekaa barazani, wakakuta wamama sokoni. Riwaya ya pili, Idu, ya mwaka wa 1970, inarudi katika maneno yale yale, na tunaona haina nguvu kama ya kwanza.

Kati ya hivyo vitabu viwili kulipita vita ya Biafra, toka 1967 hata 1970. Flora aliacha Lagos akarudi kwao. Mwezi wa Septemba 1968 wanajeshi wa serkali ya Nigeria waliingia Oguta, watu wakakimbia na vifurushi. Nyuma ya muda mfupi Wabiafra wakaurudisha mji. Habari hiyo aliiweka katika Never Again, kitabu kifupi cha mwaka wa 1975. Msomaji wa Bukavu ao wa Goma atakitambua haraka: viongozi wanaapa kwamba mji hautaanguka, anayefunga mizigo anaitwa msaliti, kisha wote wanakimbia siku moja. Kwetu sisi njo kitabu chake bora, ingawa wataalamu wanamtajia kila mara Efuru.

Vita ilipoisha, aliitwa katika serkali ya jimbo lake, mwanamke kati ya wanaume. Alipewa afya na mambo ya jamii. Kazi ilikuwa watoto: yatima wapata elfu mbili walitafutiwa makao chini ya uongozi wake. Nyuma yake akapewa ardhi na mipango ya miji, mpaka 1974.

Alipotoka serkalini angeweza kupumzika. Lakini kulikuwa jambo lililomchoma. Vitabu vyake vilichapwa Ulaya, na aliona havisukumwi vya kutosha, tena havifiki vizuri kwa wasomaji wa kwao. Basi katika miaka ile ya 1970 alifungua nyumba yake mwenyewe ya kutoa vitabu kule Enugu, Tana Press, na kampuni nyingine yenye jina lake. Alitoa hadisi za watu wakubwa na vitabu vya watoto, kimoja chao kinaitwa Mammywater. Alitafuta karatasi, akalipa wachapaji, akatafuta wanunuzi, sawa na wale wamama wa ziwani na mitumbwi yao. Ilikuwa kazi ya taabu. Kutoa kitabu ni kitu kimoja. Kukifikisha dukani katika inchi kubwa vile ni kitu kingine, na hapo alihangaika hata mwisho.

Riwaya za wakati huo zimehama kutoka kijijini kwenda Lagos. Katika One Is Enough, ya 1981, Amaka ametukanwa kwa bwana juu hazai. Anaondoka, anafanya biashara, anatajirika, na huko anazaa mapacha na padri. Padri anataka kuacha upadri amuoe, Amaka anakataa. Tunajua kuna wasomaji ambao hapa watafunga kitabu. Flora, yeye aliyekuwa ameolewa tena na watoto watatu, hakubadilisha hata nukta.

Mwaka wa 1992 nyumba moja ya Marekani ilianza kuchapa upya vitabu vyake. Hakufurahia siku nyingi: ugonjwa wa mapafu ulimwua kule Enugu tarehe 16 Oktoba 1993, akiwa na miaka 62. Aliacha makaratasi ya riwaya nyingine, The Lake Goddess, ambayo ilitoka miaka mingi nyuma ya kifo chake. Humo alikuwa amerudi Oguta, kwa Uhamiri na kwa mwanamke mwingine aliyeitwa na ziwa.