Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzidar

Kwetu Makobola, barua za ndugu walio ng'ambo ya ziwa hufika kwa mkono wa wasafiri. Wazee wakishasoma, mimi huomba bahasha. Natafuta makosa: Makobora, Makobala, Makombola. Ninazo 31. Ni mkusanyo huo ulionifikisha kwa Seyyid Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar, sultani ambaye jina la nchi yake lilikosewa na posta ya nchi hiyohiyo.

Masultani wanne waliomtangulia, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote walikuwa wana wa Seyyid Said. Hamad alikuwa mjukuu. Baba yake, Thuwaini, alitawala Maskati hadi alipouawa mwaka 1866. Ali alipofariki Machi 1893, Khalid bin Barghash alikitaka kiti, lakini Waingereza, waliokuwa wameifanya Zanzibar himaya yao tangu 1890, wakamweka Hamad. Bila shaka walitarajia utiifu. Hata waziri wake mkuu, Lloyd Mathews, alikuwa Mwingereza.

Posta ya Zanzibar ilikuwa chini ya India, na stempu zake zilikuwa za Kihindi, zenye kichwa cha Malkia Victoria. Novemba 1895 mambo yakabadilishwa. Kwa kuwa stempu mpya hazikuwa tayari, zile za Kihindi zilipelekwa katika kiwanda cha Gazeti la Zanzibar, zikapigwa chapa neno Zanzibar juu yake. Nyingine zikatoka Zanzidar, nyingine Zanibar. Kosa la kwanza si gumu kulieleza: herufi ya risasi husomwa kinyume, kama katika kioo, na b ikiwa mkononi mwa mpangaji huonekana d. La pili nadhani ni haraka tu.

Nilicheka, kisha nikatazama tarehe. Katika miaka hiyohiyo Hamad alikuwa ameunda kikosi chake cha walinzi wa jumba, wapatao 1,000, nao wakawa wanapigana na askari waliokuwa chini ya Waingereza. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye nchi. Huku barua zikisafiri na kichwa cha malkia mgeni, na jina la nchi limevunjika juu yake. Sisemi mpangaji alikusudia lolote.

Hamad alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, watu wakanong'ona habari za sumu. Khalid akaingia jumbani. Siku mbili baadaye mizinga ya Waingereza ililipiga jumba hilo kwa muda usiofika saa nzima, na Hamoud bin Muhammed akatawazwa. Lakini barua za enzi ya Hamoud zilibandikwa uso wa Hamad, katika stempu zilizochapwa London kwa herufi safi, hadi zilipotoka za Hamoud mwenyewe mwaka 1899. Na jina lake? Orodha za wakusanyaji humwita Hamed bin Thwain.

Leo Zanzidar ni ghali kuliko Zanzibar, kwa hiyo zipo za kughushi: watu wamekaa wakalikosea neno kwa uangalifu mkubwa. Bahasha zangu hakuna atakayezighushi. Nyingi zimeandikwa na binamu zangu waliozaliwa kambini Nyarugusu, ambao hawajawahi kuiona Makobola. Wameliandika jina kama walivyolisikia kwa mama zao.