Habari za James Chuma na Rafiki Zake

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za David Livingstone, bali wale waliomchukua hutajwa kwa neno moja tu, kisha huachwa. Leo twapenda kueleza habari za mmoja wao, James Chuma, Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1850.

Alikuwa angali mtoto alipotwaliwa na kuuzwa. Julai 1861 Livingstone na Askofu Mackenzie walikutana na msafara wa watumwa katika nyanda za juu za Shire. Wenye msafara wakakimbia, makongwa yakakatwa, na watu 84 wakapata uhuru, wengi wao wanawake na watoto. Chuma akalelewa na wamisheni pamoja na mvulana mwingine wa Kiyao, jina lake Wikatani, ambaye babaye mwenyewe ndiye aliyemwuza. Lakini Askofu akafa Januari 1862, njaa na homa zikaua wengi, hata misheni ile ikavunjika.

Mwaka 1864 Livingstone akawachukua wavulana hao wawili katika merikebu yake ndogo, Lady Nyassa, toka Unguja hata Bombay, mwendo wa siku zaidi ya arobaini. Humo alikuwamo na Susi wa Shupanga, penye mto Zambezi. Huyu hakuwa Myao. Alikuwa mtu mzima kuliko wao, mkata kuni wa merikebu, naye Mwislamu. Huko Bombay Susi alifanya kazi bandarini, na wavulana wakawekwa katika shule ya Dk. John Wilson, katikati ya watoto wa Kihindi. Desemba 1865 wakabatizwa, Chuma akaitwa James, na Wikatani John.

Mwaka 1866 wakarudi Afrika na Livingstone. Walipofika kwa Mponda, kusini mwa ziwa Nyasa, Wikatani akakutana na ndugu yake. Akasikia ya kuwa babaye amekwisha kufa, na ndugu wengine wangali hai. Alipoulizwa kama ataka kukaa, akakubali mara moja. Akapewa nguo, bunduki na karatasi za kuandikia barua. Nani awezaye kumlaumu? Lakini Chuma aliyesoma, akala na kulala pamoja naye tangu utoto, alipaswa kuendelea na safari bila yeye. Siku chache baadaye watu wa Komoro wakatoroka, wakaeneza Unguja habari ya uongo kwamba Livingstone ameuawa. Tangu hapo Chuma na Susi hutajwa pamoja.

Nchi yetu hii waliijua sana. Mwaka 1872 walikaa Kwihara, karibu na Tabora, wakingoja watu kutoka pwani, tangu Machi, Stanley alipoondoka, hata Agosti. Livingstone alipokufa kwa Chitambo, Mei 1873, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gamba la mti, wakauchukua. Oktoba wakafika tena Kwihara. Hapo Luteni Cameron akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, nao walikuwa wapagazi mbele ya afisa!

Mbele kidogo, huko Kasekera, watu walikataa maiti isipite. Basi wakafanya hila. Wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawapa watu sita wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Wale wakayatupa porini usiku. Mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo, ukapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Sisi tukaao Kaliua twaona watoto wa Ulyankulu, ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972, wakicheza na watoto wa Wanyamwezi, na ni vigumu kupambanua yupi ni yupi. Tukumbuke kwamba Chuma na Susi nao hawakuzaliwa nchi moja wala kuabudu pamoja.

Wote wawili waliitwa Uingereza mwaka 1874, wakasaidia kueleza maandiko ya mwisho ya bwana wao. Baadaye Chuma akawa kiongozi wa misafara. Johnston alipokufa Behobeho mwaka 1879, alimwongoza kijana Joseph Thomson hata ziwa Tanganyika, na kurudi pwani kwa njia ya Tabora. Alikufa Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu. Susi alibatizwa mwaka 1886, miaka minne baada ya rafiki yake kufa, akachagua jina la David. Akafa Unguja mwaka 1891.